Aliyejibu Kutoka Stoo

Mama Chiriku alikuwa ameshabonyeza kitufe ndipo akamwona Bi Miwani akiingia kwa mlango wa mbele, mwavuli mkononi, anahema kwa jua la mchana.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Mtu ametoka kula, amerudi, kuna la ajabu gani? La ajabu ni kwamba punde tu kabla ya hapo Bi Miwani huyo huyo alikuwa amemjibu kutoka stoo, nyuma kabisa ya duka, kwa ile sauti yake nzito ya kuburuza. Na stoo ile haikuwa na mlango mwingine, wala dirisha la kupita hata paka.

"Umetokea wapi?" Mama Chiriku akauliza.

"Mlangoni. Ulitaka nitokee darini?"

"Si ulikuwa stoo sasa hivi? Si umenijibu?"

Bi Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena ili amwangalie vizuri. "Mwenzangu, hiyo ni njaa. Nenda kale kabla hujaanza kuzungumza na feni."

Wakacheka. Mama Chiriku alicheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili, kisha akageuza shingo polepole kutazama mlango wa stoo. Ulikuwa wazi kidogo, kama ulivyokuwa siku zote.

Ili uelewe kosa lililofanyika mchana ule, sina budi kukueleza kazi yao, na nakuomba usinichoke. Duka lilikuwa la uchapaji: kadi za harusi, ratiba za mazishi, karatasi za mitihani, vijitabu vya watu wenye mengi ya kusema. Bosi wao alikuwa mkono wa birika wa kupigiwa mfano, kwa hiyo kompyuta ya kusahihishia ilikuwa kuukuu, haiwezi kubeba programu yoyote ya siku hizi. Fundi wa kompyuta alipoitwa aliitazama, akaguna, akaiwekea kitu chepesi cha kukagua tahajia ambacho hakina picha wala vitufe vya rangi. Ni dirisha jeusi na maandishi meupe, basi. Unaandika amri kwa mkono, yaani jina la programu na jina la faili, unabonyeza, na programu inaanza kupita ndani ya maandishi neno kwa neno. Neno inalolijua inalipita kimya. Ikikuta isilolijua inasimama, inaling'arisha peke yake juu ya skrini, na chini inakuuliza: rekebisha, ruka, futa, au ongeza? Ukichagua kuongeza, neno linaingia katika faili la maneno ya duka, na kuanzia hapo halitaulizwa tena maishani.

"Ni bawabu huyu," fundi alisema siku aliyomfundisha Mama Chiriku. "Mgeni anamsimamisha mlangoni. Wewe ukisema huyu ni mtu wa hapa, amekuwa mtu wa hapa. Hebu jaribu na jina la mwanao."

Akaandika sentensi moja: Mwanangu anaitwa, kisha jina. Bawabu akalisimamisha. Akaliongeza. Likawa neno la kwanza kabisa katika faili la duka, na ile sentensi akaitunza. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, aliipitisha hiyo kwanza ili aone mashine imeamka vizuri, na kila asubuhi ilipita bila swali. Lilikuwa jambo la kumfurahisha moyo wake tu, halina maana nyingine. Jina lenyewe la mtoto sitaliandika, na mwishoni utanielewa. Nyumbani na mtaani kote alijulikana kwa jina la Chiriku, kwa sababu alikuwa haishi kuongea. Aliongea akila, aliongea akioga, na ukimwambia anyamaze aliongea kuhusu kunyamaza.

Sasa, kazi hiyo waliifanya wawili. Mama Chiriku alikaa mbele ya skrini, mgongo kwa chumba. Bi Miwani alikaa nyuma yake na karatasi za mteja mapajani. Neno likisimamishwa, Mama Chiriku alilitamka kwa sauti, Bi Miwani akalitazama kwenye karatasi, akajibu. Likiwa kosa alijibu, "Rekebisha." Likiwa jina la mtu alijibu, "Mpitishe." Kidole kikabonyeza. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka mpaka sauti zao zikawa zinapokezana kama michi miwili kwenye kinu kimoja. Mama Chiriku hakuwa akigeuka. Ageuke kuangalia nini?

Mchana ule kulikuwa na kitabu cha ukoo. Mzee mmoja alikuwa ameandika babu zake wote na watoto wa babu zake, na bawabu alikuwa hapumui kwa majina. Bi Miwani alipoinuka kwenda kula, Mama Chiriku alisema atasubiri. Hakusubiri. Alitaka kumaliza mapema akamchukue Chiriku shuleni. Akaendelea, jina likasimamishwa, mdomo ukalitamka kwa mazoea, na kutoka stoo, nyuma ya mgongo wake, sauti ya Bi Miwani ikasema:

"Mpitishe."

Na kidole kikaongeza.

"Soma tena hilo jina," Bi Miwani alimwambia, sasa amekaa kitini na karatasi zake.

Mama Chiriku akasoma. Bi Miwani akapekua kurasa kwenda na kurudi. Akapekua tena.

"Halimo."

"Litakuwaje halimo? Liko hapa mbele yangu, katikati ya babu na mjomba."

"Kwenye karatasi babu anafuatwa na mjomba. Hapa katikati hakuna mtu."

Wakalifuta ndani ya kitabu, ukoo ukabaki kama mzee alivyouandika. "Basi, yameisha," Bi Miwani akasema. Hakuna aliyekumbuka kwamba jina lilikuwa limeshaingia katika faili la maneno ya duka. Au niseme kweli: Mama Chiriku alikumbuka jioni, akiwa anamenya vitunguu, akajiambia neno moja halina uzito wa kumrudisha mtu kazini.

Kilichoanza ni harufu. Stoo ilianza kunuka kama nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Bosi akasema ni unyevu, akaamuru mlango uachwe wazi. Kisha ikaja sauti. Saa za mchana, mitambo ikizimwa watu waende kula, huko stoo rimu za karatasi zilisikika zikifunuliwa, ukurasa, ukurasa, ukurasa, kama mtu anayetafuta mahali alipoishia. Walikwenda kuangalia wakidhani ni panya. Karatasi zilikuwa nyeupe, zimefungwa, na kamba zake hazijaguswa.

Halafu zikaja kadi za harusi. Zilichapwa, zikakatwa, zikafungwa kwenye maboksi, na bwana harusi mwenyewe ndiye aliyegundua, amesimama kauntani na tabasamu ambalo lilimwisha taratibu. Mahali pa jina la bibi harusi palikuwa na jina jingine. Lilikuwa lile lile la kitabu cha ukoo.

Bosi alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Mashine si ipo? Haikuwauliza?"

"Haikuuliza, bosi," Mama Chiriku akasema. "Hili hailiulizi tena."

Asubuhi iliyofuata aliwasha kompyuta, akafungua dirisha jeusi, akaipitisha ile sentensi yake ya kila siku. Mwanangu anaitwa. Bawabu akasimama. Jina la mwanawe likang'aa juu ya skrini, peke yake, na chini yake maswali yale yale ambayo huulizwa wageni.

Akaliongeza upya. Kesho yake likasimamishwa tena. Akaliongeza tena. Kesho yake tena. Alifungua faili la maneno ya duka kwa mara ya kwanza tangu fundi aondoke, na pale juu kabisa, mahali alipokuwa amemweka mwanawe siku ya kwanza, palikuwa na jina la yule. La mwanawe halikuwamo popote. Akalifuta lile, akafunga faili, akalifungua ahakikishe. Lilikuwa limerudi mahali pake.

Nyumbani hakusema kitu. Angesema nini, na kwa nani? Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa waya na gesi, asiyeamini asichoweza kukifungua kwa bisibisi. Lakini jioni hizo Mama Chiriku alianza kuona mambo. Mtoto aliomba chumvi mezani, akaomba tena, akaomba mara ya tatu, na baba yake aliyekaa naye bega kwa bega akaendelea kutafuna. Mtoto alileta daftari la shule akilalamika kwamba mwalimu anaita majina yote darasani halafu anafunga kitabu. "Nikinyoosha mkono hanioni, mama. Eti kiti changu ni cha akiba."

"Atakuwa amechoka," mama yake akamwambia, na akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika anabanwa.

Kisha ikaja siku ambayo ilikuwa zamu ya Baba Chiriku kumchukua shuleni. Mama alirudi kutoka kazini akamkuta mumewe peke yake sebuleni, miguu juu ya stuli, anapiga mluzi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?" akauliza mumewe.

Hakuwa anatania. Huo ndio ubaya wenyewe: alimtazama mkewe kwa uso wa mtu anayetaka kweli kuelezwa. Walitazamana hivyo, na polepole kitu kikarudi machoni mwa mwanamume, akaondoa miguu kwenye stuli, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ee Mungu wangu," akasema. "Ee Mungu wangu, nilikwenda. Nilifika mpaka getini. Sikukumbuka nimefuata nini, nikarudi."

Walikimbia bila kufunga mlango. Chiriku alikuwa amekaa kwenye ngazi ya shule iliyofungwa, begi mapajani, machozi yameshakauka yameacha michirizi.

"Baba alikuja," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chumba cha pili. "Alisimama hapo. Nilimwita, nilimwita, nilimwita."

Tangu jioni hiyo hakutoa sauti tena. Mdomo ulicheza, koo lilicheza, na hakuna kilichotoka. Nyumba ambayo ilikuwa haijawahi kunyamaza ilinyamaza, na Mama Chiriku aligundua kwamba yeye mwenyewe, akimwacha mtoto chumbani na kwenda jikoni, ilimbidi asimame na kushika ukuta ili akumbuke ni kitu gani alichokuwa nacho mikononi muda mfupi uliopita. Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Aliandika kwa kalamu kwenye kiganja chake: UNA MTOTO. Akioga, aliandika upya.

Alimpeleka mtoto kwa shangazi mtu, akamwomba asimwachie mkono hata akienda chooni, akaenda kazini kuomba ruhusa. Ilikuwa mchana, watu wameenda kula, Bosi hayupo, mitambo imezimwa. Alisimama katikati ya duka na kusikia mtoto anaongea.

Sauti ilitoka stoo. Ilikuwa sauti ya Chiriku, ile ya zamani, iliyojaa, isiyo na nukta wala mkato, inasimulia habari za shule na za rafiki yake aliyeng'oka jino na za kiatu kilichomezwa na tope, na katikati ya maneno inacheka, na mama mtu, aliyekuwa hajaisikia sauti hiyo kwa siku zote hizo, alijikuta anatembea kuifuata bila kuamua kutembea, harufu ya nguo mbichi ikimjaa puani na mdomoni, akaupita mtambo wa kukatia, akaipita meza ya gundi, akafika mlangoni na mkono wake ukashika ubao wa mlango ambao ulikuwa na unyevu kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga, na akiwa bado anaona rimu nyeupe tu zilizopangwa mpaka darini, sauti ikakatika katikati ya neno, pakawa kimya kama mtu amegundua anasikilizwa, kisha, karibu sana, karibu na sikio lake, ikamnong'oneza, "Mama, huyo mwingine umempeleka kwa nani?"

Alitoka mbio. Alimgonga Bi Miwani mlangoni, wote wawili wakaanguka.

"Sikuwa na njaa," Mama Chiriku akasema pale chini, analia. "Siku ile. Sikuwa na njaa."

Bi Miwani hakuuliza siku ipi. "Najua," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi pia nimejisikia nikiongea humo ndani. Nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Inuka, kuna mtu namjua."

Mganga aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, na waliingia wakamkuta anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Hakuziacha. "Ongeeni, nasikia kwa masikio, si kwa mikono," akasema. Chiriku akakalishwa sakafuni, mkono wa mama yake umekaza kwenye wake. Mama akasimulia yote: dirisha jeusi, bawabu, kuita na kujibu, kitabu cha ukoo.

"Ulimtaja kwa jina lake?"

"Nilimtaja."

"Kwa sauti?"

"Ndiyo."

"Nani akasema apite?"

"Sikugeuka kuangalia."

Mganga akasimamisha shati hewani. "Na wewe ukampitisha kwa mkono wako mwenyewe. Basi huyu hakuvunja mlango, mama. Kabisha hodi, kakaribishwa, kaingia kama mgeni mwingine yeyote. Mimi nawafukuza wanaovamia. Mgeni wako nitamfukuzaje?"

"Mwanangu anapotea," Mama Chiriku akasema. "Baba yake amemsahau. Juzi mimi mwenyewe..."

"Bila shaka anapotea. Alikuta nafasi ya kwanza ina mtu, akaitaka hiyo hiyo." Mganga akamtazama mtoto kwa mara ya kwanza, na ukali ukampungua usoni. "Nitakuja. Nitasoma ninayoyajua yatakayomdhoofisha, ukimfuta abaki amefutika. Lakini kumtoa ni kazi yako, kwa njia ile ile uliyomwingiza. Utamwita tena, na safari hii usimsikilize yeyote usiyemwona kwa macho."

Walikwenda siku ya mapumziko, mchana, duka limefungwa, jua limejaa madirishani. Wakageuza kila kitu: Bi Miwani akawekwa mbele ya Mama Chiriku, kiti kwa kiti, na kando yake kwenye stuli akakalishwa Chiriku, ili uso wa kila mmoja uonekane. Mganga akasimama kwenye mlango wa stoo akisoma kwa pumzi ya chini. Mama Chiriku akafungua faili la maneno ya duka, akalifuta lile jina la juu, akafunga, akafungua. Safari hii halikurudi. Akaandika amri, akataja faili la kitabu cha ukoo, akabonyeza.

Bawabu akapita kimya juu ya babu na watoto wa babu, ambao wote walikuwa wameshakuwa watu wa hapo. Akafika kati ya babu na mjomba. Akasimama. Jina ambalo walikuwa wamelifuta lilikuwa pale, linang'aa.

Harufu ikajaa chumba. Feni iliyozimwa ikazunguka nusu mzunguko, ikatulia.

Mama Chiriku akaliita.

"Mpitishe," ikasema sauti ya Bi Miwani nyuma yake. Bi Miwani alikuwa mbele yake, mdomo umefumbwa, macho yamemtoka.

"Mpitishe, tunachelewesha kazi," ikasema sauti ya Bosi.

"Mpitishe mke wangu, twende nyumbani," ikasema sauti ya Baba Chiriku, kwa upole ambao mwenyewe huutumia mara chache.

Mama Chiriku alimtazama Bi Miwani, akimsubiri amjibu. Bi Miwani alifungua mdomo na hakuna kilichotoka, akashika koo lake, akajaribu tena, machozi yakamchuruzika chini ya vioo, na nyuma kule kisomo cha mganga kilikuwa kinazidi kupanda na rimu za karatasi zilikuwa zinaanguka moja moja kwa kishindo, na ndani ya vishindo hivyo, wazi, karibu, ikaja sauti aliyokuwa anaiogopa kuliko zote na kuitamani kuliko zote.

"Mama, mpitishe. Nimechoka kukaa huku. Kuna giza, mama. Ukisema hapana, nami nabaki huku huku. Mpitishe, mama, nimechoka."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuongeza. Nitasema ukweli, kilishuka kidogo. Ni mama gani ambaye kisingeshuka?

Akainua macho. Kwenye stuli, mwanawe alikuwa anamtazama. Midomo ilikuwa imefumbwa kabisa. Chiriku akatikisa kichwa mara moja, polepole, kama anavyofanya akikataa dawa.

"Hapiti," Mama Chiriku akasema, na akafuta.

Stoo ikatoa sauti moja ya maboksi yote kuporomoka, kisha harufu ikakatika. Mama Chiriku hakungoja. Akaandika amri nyingine, kwenye ile sentensi yake ya asubuhi. Mwanangu anaitwa. Bawabu akasimama. Akalitamka jina la mwanawe kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kulitamka.

"Mpitishe!" Bi Miwani akapiga kelele kwa sauti yake mwenyewe, ya kukwaruza, mbele ya macho yake. "Mpitishe jamani, mpitishe mtoto!"

Akaongeza. Akaipitisha sentensi tena. Ikapita bila swali.

"Mama," Chiriku akasema, "nina njaa, na huko ndani kunanuka, na Bi Miwani anatoka makamasi."

Walicheka na kulia pamoja mpaka mganga akawaambia inatosha. Alikuwa amekaa chini kwa uchovu, kitambaa chake cha kichwa kimelowa. "Hapa katoka," akasema. "Lakini sauti zenu alizojifunza sijaweza kumpokonya. Msijibizane tena na mtu msiyemwona, hapa kazini wala nyumbani."

Wakabadilisha namna ya kufanya kazi. Viti vilibaki vinatazamana. Baba Chiriku alimchukua mtoto shuleni kila siku, zamu yake na isiyo yake, na alimshika mkono mpaka ukatoka jasho. Na Mama Chiriku alimpa mwanawe amri moja, akairudia asubuhi na jioni mpaka mtoto akawa anaikariri kwa kumwigiza: mtu akibisha hodi, usifungue. Usimfungulie yeyote mpaka mimi, mama yako, nikwambie.

Jioni moja, jua bado liko juu ya mabati, Mama Chiriku alikuwa bafuni anaosha nywele, povu limemfunika macho. Alimsikia mwanawe sebuleni anamsimulia mdoli habari ndefu isiyo na mwisho, na moyo wake ukatulia kwa furaha. Mlango ukagongwa. Habari ikakatika.

"Mama! Kuna mtu. Nimfungulie?"

Mtoto mwenye akili, alifikiri, amekumbuka. Akajipangusa povu mdomoni ili amjibu.

"Mpitishe, mwanangu," ikasema sauti yake mwenyewe kutoka jikoni, ya upole, iliyochoka kidogo kwa kazi.

"Haya, mama," Chiriku akajibu, na komeo likasikika likivutwa.